Herufi sita, ya tatu Y, ya tano H

Mpwa wangu alinitumia picha ya kona ya juu kushoto ya fumbo la maneno la Kiingereza. Penseli ilikuwa imefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imeota manyoya, na chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Kona hii imenitoa jasho. Nimejaza maneno mawili, mengine yote yamegoma."

"Marahaba. Hebu nitajie madokezo."

Madokezo yalikuwa manne. Neno la mlalo: Beat (6). Kutoka kwenye neno hilo yalining'inia maneno matatu ya wima. Chini ya herufi yake ya kwanza, Answer (5). Chini ya herufi ya tatu, Three feet (4). Chini ya herufi ya tano, Detest (4). Namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Jibu likiwa na maneno mawili, mtungaji huandika (3,4) au vyovyote itakavyokuwa.

Kwenye mlalo alikuwa ameandika THRASH. Si jibu la ovyo. THRASH ni kumchapa mtu sawasawa, herufi zake ni sita, na Beat ni piga. Kwa kujiamini huko akateremka hadi Detest, akaona neno linaanza na S, akaandika SHUN. Baada ya hapo alisimama. Futi tatu kwa neno linaloanza na R hazikupatikana. Jibu la herufi tano linaloanza na T halikupatikana pia.

Nilimwambia afute THRASH.

"Lakini mjomba, SHUN imeingia!"

Haikuingia, ilisukumwa. Detest ni kuchukia. SHUN ni kukwepa. Mtu hukwepa anachokichukia, sawa, lakini mtungaji anayejua kazi yake hatakupa kuchukia akitaka ujibu kukwepa. Hapa ndipo kona nzima ilipoharibikia. THRASH peke yake ilikuwa dhana tu, na dhana si kosa. Kila fumbo huanza na dhana. Kosa lilikuja pale SHUN, ambayo isingeandikwa na mtu yeyote kama si ile S, ilipogeuka kuwa shahidi wa THRASH. Shahidi aliyefundishwa cha kusema na mshitakiwa mwenyewe. Wale mashahidi wawili wengine walikuwa wamekataa kabisa kusema, na kukataa kwao kulikuwa na uzito kuliko maneno ya huyu mmoja.

Isitoshe, THRASH haikuwa na sababu ya kupendelewa. Kiingereza kimebarikiwa vipigo vya herufi sita: BATTER, HAMMER, PUMMEL, WALLOP, DEFEAT, vyote vinatosha kwenye visanduku vile. Ukiona dokezo lina majibu sita yanayolingana kwa urefu na maana, usiandike lolote kwa nguvu. Nenda kwenye maneno yanayolikata ukaanze huko.

Tukaanza huko. Futi tatu ni yadi moja, YARD, na hilo halina mjadala. Kuchukia ni HATE. Answer ilibaki na mawazo mawili: yeye alitaja REPLY, mimi nikataja SOLVE, kwa kuwa kujibu swali la hesabu ni kulitatua. Hatukuandika lolote kati ya hayo. Tulichokuwa nacho sasa kwenye mlalo ni hiki, nukta zikisimama mahali pa herufi tusizozijua:

. . Y . H .

Na huku tumezoea kudhani kwamba herufi mbili kati ya sita ni msaada mkubwa. Visanduku vinne vilivyobaki, kila kimoja kikiwa na herufi 26 za kuchagua, vinatoa michanganyiko 456,976. Kati ya hiyo, maneno halisi ni ya kuhesabu kwa vidole. Kazi ni kuyafikia bila kupita kwenye hiyo mingine.

Mpwa wangu alianza kujaribu, na alichonitumia kilinichekesha kwa sababu mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nikifanya miaka na miaka: MAYAHA, KOYEHI, TAYOHE. Baada ya Y aliweka irabu, na baada ya H akaweka irabu. Sikio la Kiswahili hilo. Kwetu silabi hupenda kufungwa na irabu, Y ni konsonanti tu, ya, ye, yi, yo, yu, na konsonanti mbili zikikutana tunaona kama kuna kitu kimesahaulika katikati. Yapo mtu na nchi, yapo labda na daktari, lakini mkondo wenyewe unajulikana. Mtu aliyelelewa kwenye mkondo huo akiona nukta mbele ya Y na nukta nyuma yake, mkono wake unachomeka irabu bila kumuuliza.

Nilimwomba aangalie maneno ya Kiingereza ya herufi sita anayoyajua yenye H na Y, popote zilipo. Akaleta HUNGRY, EIGHTY, THIRTY, HARDLY, CHERRY, WORTHY, FILTHY, HOCKEY. Nikamuuliza Y imekaa wapi.

"Mwisho. Zote."

Ndiyo. Huko mwisho ndiko Y ya Kiingereza cha kila siku inakopenda kukaa, na huko ni irabu, si konsonanti. THIRTY inaishia kwa sauti ya i. Ya kwetu ilikuwa katikati. Na Y iliyoko katikati ya neno, ikifanya kazi ya irabu, ina historia yake. Warumi waliichukua kutoka Ugiriki ili waweze kuandika maneno ya Kigiriki, kwa kuwa alfabeti yao haikuwa na herufi ya sauti ile. Wafaransa mpaka leo wanaiita i grec, yaani i ya Kigiriki. Kwa hiyo unapoiona Y imejibanza kati ya konsonanti katika neno la Kiingereza, dhana ya kwanza iwe kwamba neno limepitia Ugiriki: SYSTEM, SYMBOL, OXYGEN, HYPHEN.

H nayo ilikuwa ikisema jambo lile lile. Kigiriki kilikuwa na herufi moja moja kwa sauti ambazo Kilatini kiliziandika kwa mbili, H ikiwa ya pili: PH, TH, CH. Hata R ya mwanzo wa neno la Kigiriki ilitamkwa kwa pumzi, ikaandikwa RH. H inayofuata konsonanti si jambo geni kwetu, tunayo kwenye ch, sh, th, dh na gh. Tofauti ni kwamba kwetu kwa kawaida irabu hufuata, na kwao si lazima. Basi kisanduku cha nne, kinachotangulia H, hakikuwa tena na herufi 26. Kilikuwa na C, P, S, T, labda na G. Hesabu ikashuka kutoka 456,976 hadi 87,880, ambayo bado ni nyingi mno kwa penseli, lakini faida kubwa haikuwa hapo.

Faida ilikuwa kwenye visanduku viwili vya mwanzo. Y ikiwa ndiyo irabu, basi kisanduku cha pili hakilazimiki kuwa na irabu. Kisanduku cha kwanza na cha pili vinaweza kuwa na konsonanti mbili zilizoshikana, na konsonanti zinazokubali kushikana mwanzoni mwa neno la Kiingereza si nyingi. Hapo nilimwandikia sentensi moja tu: "Usitafute a, e, i, o, u mbele ya Y. Weka konsonanti mbili."

Alikaa kimya kidogo. Kisha yakaanza kuja kwa mkupuo: PSYCHE, nafsi. PSYCHO. SCYTHE, lile fyekeo refu la kukatia majani na nafaka. Mimi nikaongeza GLYPHS, alama za maandishi. Yote yalitosha, hakuna hata moja lililokuwa Beat. SCYTHE ilimvuta kwa sababu ya SOLVE. S kwa S, kona ingefungwa. Akasema mwenye SCYTHE "anapiga" majani. Nikamkumbusha SHUN.

Kwa wapenda asili za maneno: SCYTHE ndiyo pekee kati ya hizo ambayo si ya Kigiriki. Ni neno la zamani la Kiingereza chenyewe, na ile C haikuwemo. Iliingia baadaye kwa kuiga maneno ya Kilatini yenye maana ya kukata. Yaani dhana yetu ya Ugiriki ilitupa neno linalotosha ambalo halihusiani na Ugiriki. Haidhuru. Dhana ya namna hii inaelekeza macho, haihukumu.

Tukarudi kwenye dokezo, na hapa ndipo ninapoona kisa hiki kina utamu. Sote wawili, tangu mwanzo, tulikuwa tumesoma Beat kama kitenzi. Piga. Ndiyo maana THRASH, ndiyo maana hata kisingizio cha fyekeo. Kiingereza hakivalishi maneno yake viambishi kama sisi. Beat ya kitenzi na beat ya nomino zinafanana kama pacha, na watungaji wa mafumbo wanaishi kwa ujanja huo. Neno moja likisimama peke yake, bila sentensi ya kulishika, huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Kanuni yao ni moja tu, nayo ni ya haki: jibu lazima liwe la aina ile ile na dokezo. Dokezo likiwa nomino, jibu ni nomino. Likiwa la wingi, jibu ni la wingi. Likiwa la wakati uliopita, vivyo hivyo.

"Beat kama nomino utaitafsirije?" nilimuuliza.

"Pigo."

"Ya muziki?"

"Mapigo."

Kiswahili kilikuwa nalo muda wote, mzizi ule ule wa piga, ila kimelivisha nguo nyingine. Mapigo ya ngoma, mapigo ya moyo. Neno la Kigiriki la mapigo yanayofuatana kwa mpangilio, lenye Y katikati na H ya tano, ni RHYTHM.

Nilitaka nimwachie alione mwenyewe, na alilikaribia kwa njia ambayo sikuitegemea. Alikumbuka ridhimu, neno la darasa la ushairi, akajaribu kulirudisha kwenye Kiingereza. Ri-dhi-mu. Silabi tatu, irabu tatu, kila konsonanti na mwenzake. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kililivisha hadi likawa la kwetu. Kiingereza kililiacha uchi, herufi sita bila a, e, i, o wala u. Aliandika RITHIM, akaona haitoshi kwa sababu ya Y, akaandika RYTHIM, akaona Y imekaa ya pili. Kilichomkwamisha hapo kilikuwa H. Alikuwa ameshaipa H kisanduku cha tano na kuifuta akilini mwake, kana kwamba herufi ikishapata mahali haiwezi kurudi. RHYTHM ina H mbili. Kosa hili nimeliona mara nyingi hata kwenye michezo ya kubahatisha neno la herufi tano kama Wordle: mchezaji akishajua ilipo E, anaacha kujiuliza kama kuna E nyingine.

Kwenye Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, kwa taarifa tu, seti ya Kiingereza ina vigae 100 na H ni mbili tu, pointi 4 kila moja. Anayetandaza RHYTHM bila kigae kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote, amemaliza H zote za ubao. Anapata 17 kabla ya kuzidisha chochote.

R ikaingia kwenye kisanduku cha kwanza, REPLY ikateremka, SOLVE ikaondoka bila kelele. Mashahidi watatu, safari hii kila mmoja akisema la kwake bila kusukumwa. Mafumbo ya mtindo wa Uingereza ndivyo yalivyo: katika neno la herufi sita, kwa kawaida ni tatu hivi tu zinazokatwa na maneno mengine, kwa hiyo kila mkato una thamani. Mtindo wa Marekani hukata kila herufi, na kosa kama la THRASH lisingedumu dakika mbili.

Jioni nilifanya kile ambacho watu wengi wangekifanya mwanzoni: nikaiuliza kompyuta. Sioni aibu kwa hilo, ila napenda kufanya baada ya kutoa jasho, maana orodha huja bila sababu zake. Mashine nyingi za Linux na Mac huwa na faili la maneno ya Kiingereza, na programu ya grep, ambayo Ken Thompson aliiandika kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wa Unix miaka ya 1970, inalichambua kwa mstari mmoja:

grep '^..y.h.$' /usr/share/dict/words

Nukta ni herufi yoyote. Alama ya mwanzo na ile ya dola ya mwisho zinasema neno lianzie hapa na liishie hapa. Ukizisahau utaletewa kila neno refu lenye mpangilio huo tumboni mwake, na utadhani programu imeharibika.

Humo ndimo watu wanapojichanganya, hata kwenye zile kurasa za kutafutia maneno. Kuna maswali matatu yanayofanana kwa sura. La kwanza: maneno ya herufi sita yenye H na Y popote. Hilo litakumwagia HUNGRY na CHERRY na mamia ya ndugu zao. La pili: maneno ya herufi sita yenye Y ya tatu na H ya tano. Hilo ni letu, ni la mafumbo. La tatu: maneno yanayoweza kuundwa kwa herufi ulizonazo mkononi tu, bila kuongeza nyingine. Hilo ni la Scrabble. Mwenye swali la pili akiuliza la kwanza anapewa lundo, kisha analaumu lundo. Nimewaona watu wazima wakisogeza orodha ya maneno mia tatu kwa kidole, wanatafuta moja, na nafasi za herufi wanazijua tangu mwanzo.

Nilipotafuta kwenye orodha pana za wachezaji wa Scrabble pamoja na kumbukumbu yangu, yaliyokusanyika yalikuwa manane: RHYTHM na yale manne ya awali, PSYCHS, SCYPHI ambavyo ni vikombe vya kale vya Kigiriki, na la nane lililonifanya nisogeze kiti. RAYAHS. Rayah, kwa Kiingereza, alikuwa mtu aliyetawaliwa na dola ya Kiothmani asiye Mwislamu. Neno ni la Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa raia wetu. Hapo Y ni konsonanti halisi, ya, kama kwetu, na H imekaa baada ya irabu. Yaani ile MAYAHA ya mpwa wangu, niliyoicheka, haikuwa mbali na neno la kweli kama nilivyodhani. Nilimwambia. Alinijibu kwa alama tatu za mshangao na hakusema zaidi, na ilikuwa haki yake.

Kesho yake alinitumia kona ya pili, ya chini kulia. Herufi tano, ya pili Y, ya mwisho H, dokezo Fragrant resin. "Usinitajie jibu mjomba," aliandika, na chini yake alikuwa ameshaorodhesha NYMPH, LYMPH, SYLPH na LYNCH, hii ya mwisho akiiwekea alama ya kuuliza kwa kuwa haikunukia Ugiriki. Hakukosea; inadhaniwa imetokana na jina la ukoo wa mtu. Nilinyamaza kama nilivyoombwa.

Baada ya muda simu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa neno moja, wala halikuwa la Kiingereza:

"Manemane."

Kisha, dakika moja baadaye, MYRRH, kwa wino.